Nani amekata hiyo klipu?



Tangu Oktoba 2011, jeshi letu lilipoingia Somalia kwa Operesheni Linda Nchi, mtu wa huku Garissa akitaja jeshi kwa maiki kuna mchambuzi mahali anatafuta makasi.

Chukueni Raila Odinga. Alikuwa Waziri Mkuu jeshi likivuka mpaka. Baadaye akataka wanajeshi warudi nyumbani. Ukiweka klipu ya kwanza peke yake, ni mpenda vita. Ukiweka ya pili peke yake, ni rafiki wa Al-Shabaab. Mpinge kwa hoja basi! Uliza kwa nini alibadilika. Na Katiba, kifungu 240, inataka Bunge liidhinishe jeshi kupelekwa nje, kwa hivyo kuuliza watarudi lini si uhaini.

Lakini Raila alikuwa na wasemaji na mawakili. Mzee wa Fafi hana. Anaongea Kisomali, anasema "ciidan". Neno hilo laweza kuwa jeshi, laweza kuwa polisi. Mtafsiri anaandika "KDF". Mzee alilalamikia vijana kupigwa kwa kizuizi cha barabarani, habari ya jioni inasema wazee wanapinga vita dhidi ya ugaidi. (Kiswahili chetu nacho si afadhali, hata mlinzi wa geti ni askari.) Kesho yake ni yeye anaitwa kituoni, si mchambuzi.

Tena watu wetu wana kumbukumbu: Bulla Kartasi 1980, Wagalla 1984. Tume ya Ukweli iliyaandika hayo kwa ripoti yake ya 2013. Mama akisimulia Wagalla, ukikata mwaka, itasikika kama anashtaki wanajeshi wa wiki jana.

Na tusijifanye malaika. Kiongozi akisema "tutawasaka magaidi", kuna vijana wetu wanasambaza "tutawasaka Wasomali". Mji huu ulizika moyo wake Aprili 2, 2015, watu 148 wakiuawa pale chuoni. Uongo wa aina hiyo hapa ni petroli. Surat Al-Maaun mnaijua: ukisimama aya ya nne, utadhani wanaoswali ndio wanaolaaniwa.

Kwa hivyo kila baraza tunarekodi mwanzo hadi mwisho, na mtafsiri anajulikana ni nani. Mwenye simu yenye nafasi anione baada ya Alasiri.