Boriti Iliyooza Katika Nyumba ya Mawe

Leo nitazungumza nanyi juu ya boriti, yaani ile miti ya mkoko iliyolala juu ya vichwa vyenu katika nyumba za zamani za pwani.

Ninyi mkaao Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja mnazijua nyumba hizo. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Boriti hulazwa kutoka ukuta hata ukuta, na ncha zake huingia ndani ya ukuta. Juu yake hupangwa mawe bapa, na juu ya mawe hupigwa chokaa na kokoto. Sakafu hiyo ni nzito sana. Ndiyo maana vyumba vyake ni vyembamba, upana wake kama mita 2 na nusu au 3 tu. Boriti ikiwa ndefu kupita hapo, uzito utaishinda.

Boriti huoza wapi? Mara nyingi haiozi katikati, mahali mnapoiona na upepo unapoipata. Huoza kwenye ncha, ndani ya ukuta. Mvua hupita penye ufa, au bomba la choo cha orofani linavuja. Ukuta hunywa maji yale, na ncha ya boriti hukaa katika unyevu mwaka hata mwaka. Hapo kuvu huota na kuula mti. Mti mkavu hauozi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuzuia maji. Mtu akitia boriti mpya katika ukuta ule ule uliolowa, ametupa fedha yake.

Tena jihadharini na saruji. Ukuta wa chokaa hunywa maji, kisha huyatoa ukakauka. Ukiupaka saruji, unyevu hufungiwa ndani pamoja na ncha za boriti. Ukuta wa chokaa upakwe chokaa.

Sasa chukua nyundo, ugonge boriti polepole, kutoka katikati kwenda ukutani. Mti mzima hulia kwa sauti kali. Mti uliooza hulia kama kitu kilicho na uwazi ndani. Kisha choma kwa bisibisi karibu na ukuta. Ikizama bila nguvu, mti umekwisha. Wako wenye nyumba wanaopaka rangi juu ya boriti ya namna hiyo ili mpangaji asione. Rangi haibebi sakafu.

Kabla ya kugusa boriti, watu na vitu vizito vyote viondoke chumba cha juu. Halafu sakafu itegemezwe. Laza ubao mnene chini ya boriti zote, karibu na ukuta, ukizikata kama msalaba. Chini yake simamisha nguzo imara, na kila nguzo ikanyage ubao mwingine. Kaza kwa kabari, lakini usijaribu kuinua sakafu iliyoinama, maana chokaa itapasuka. Na kama chumba hicho chenyewe ki orofani, simamisha nguzo na katika chumba cha chini yake, mstari mmoja, mpaka ardhini. Wengi husahau jambo hili, na uzito wote hushukia sakafu ya pili.

Kazi hii ifanywe na fundi anayezijua nyumba za mawe, nanyi mjue la kumwuliza. Katika Mji Mkongwe na Lamu pia, ombeni ruhusa kwanza kwa wanaosimamia majengo ya kale. Mnakumbuka Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, wakati likitengenezwa, na watu wawili wakafa. Sisemi kwamba kisa chake kilikuwa boriti. Nasema nyumba kuukuu ina hatari zaidi siku inapofunguliwa.

Fundi ashughulikie boriti moja moja, wala asitoe mbili zilizo jirani kwa pamoja. Kama ncha moja tu imeoza, aweza kulaza boriti mpya kando ya ile ya zamani, toka ukuta hata ukuta. Mti uwe mkavu, umepakwa dawa ya mbao. Ncha yake iingie ukutani sentimita 15 au zaidi, ikalie jiwe bapa, na nafasi ndogo iachwe ili hewa ipite. Nafasi kati ya boriti na sakafu ijazwe vipande vya mawe na chokaa, vikazwe vizuri. Boriti isipoigusa sakafu haibebi kitu.

Na ikiwa ncha nyingi za ukuta mmoja zimeoza? Hapo ni afadhali kuweka mwamba wa mti mnene chini ya boriti zote, kando ya ukuta, ukibebwa na nguzo za kudumu. Chumba kitapungua kidogo. Chuma msikipendelee, hewa ya chumvi hukitia kutu, nacho kikivimba hupasua ukuta.

Chokaa hukauka polepole. Acheni nguzo za muda zisimame majuma 4, kisha mlegeze kabari kidogo kidogo, leo moja, kesho nyingine, huku mkitazama kama ufa mpya unatokea. Ukitokea, kazeni tena, mkamwite fundi.

Mwalimu wenu sasa ataandika ubaoni maneno manne: boriti, chokaa, kabari, unyevu. Yasomeni, kisha kila mmoja aandike mahali ambapo maji huingia katika nyumba yake.