Msamaha na Daftari la Kikundi

 

Tumeombwa tuzungumze juu ya huruma ya Mungu, na mtasikia tukiongea sana juu ya pesa. Msishangae. Petro alipouliza amsamehe ndugu yake mara ngapi, Yesu alimjibu kwa hadithi ya deni. Iko katika Mathayo, sura ya 18. Mtumishi alidaiwa na mfalme talanta 10,000, akasamehewa zote. Kutoka nje tu, akamkaba koo mwenzake aliyekuwa na deni lake la dinari 100, akamtia jela.

Hebu tupige hesabu kama siku ya mkutano. Dinari moja ilikuwa malipo ya kibarua kwa siku. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Basi deni la kwanza ni kazi ya siku milioni 60! Hata bila kupumzika Jumapili, ni zaidi ya miaka 160,000. Na yule mtu anasema ati avumiliwe kidogo, atalipa yote. Deni la pili ni siku 100, yaani miezi mitatu na kitu. Tusilidharau. Malipo ya siku mia ni karo, ni mbegu na mbolea. Yesu hakusema tunachodaiana ni bure. Anataka tukiweke kando ya kile ambacho Mungu ametufutia.

Sasa tuje kwa vikundi. Mnajua inavyokuwa. Mwenzetu anakopa, mtoto anaugua au mvua inakatika, malipo yanakwama. Mwezi wa kwanza anatuma salamu. Mwezi wa pili hatumi. Mwezi wa tatu akituona njiani anakata kona, anapitia kwa mashamba ya watu. Jumapili anaenda misa ya kwanza kwa sababu sisi tunaenda ya pili. Hapo tumepoteza pesa na tumepoteza mtu, na mtu ndiye hasara kubwa.

Wengine husema, si tufute tu deni, sisi ni Wakristo? Pole pole. Mfalme alisamehe mali yake mwenyewe. Pesa za kikundi ni za wajane na vijana walioweka kidogo kidogo kila wiki, na mwenyekiti hawezi kuwa mkarimu kwa mfuko wa jirani. Zakayo mwenyewe aliahidi kurudisha mara nne kwa yeyote aliyemdhulumu. Lakini angalieni vile mambo yalifuatana: Yesu alimwita kwanza ashuke mtini, akamwambia atakuwa mgeni wake. Hesabu ilikuja baadaye. Sisi hufanya kinyume: lipa kwanza, halafu tukusalimie.

Papa Yohane Paulo wa Pili alipigwa risasi tarehe 13 Mei 1981. Siku nne baadaye, akiwa bado hospitalini, alitangaza kwamba amemsamehe aliyempiga. Desemba 1983 alimtembelea gerezani, wakaketi pamoja. Hata hivyo yule mtu alibaki katika jela ya Italia mpaka mwaka 2000. Msamaha haukungoja kifungo kiishe, wala haukuvunja mlango wa gereza.

Kwa hivyo wawili waende kwa yule mwenzetu. Wasiende kubeba kuku wala sufuria. Waulize kwanza habari ya mtoto. Kisha wakubaliane atalipa ngapi, lini, na faini isimamishwe. Akiwa hana kabisa, mkutano wote uamue, na katibu aandike. Aliyekula pesa kwa ujanja ni jambo lingine. Hata mweka hazina wa namna hiyo tutamsamehe, lakini si lazima tumrudishie ufunguo wa sanduku.

Kabla ya sala ya mwisho, kila katibu afungue daftari aone ni nani hajaonekana tangu Krismasi. Majina yasisomwe kwa sauti. Mchague wawili wa kwenda, na siku yenyewe. Alhamisi ni soko, hamtampata mtu nyumbani. Labda Ijumaa jioni.