Umar Alirudi Njiani

Yapata mwaka 639, Khalifa Umar bin Khattab alikuwa safarini kwenda Sham. Alipofika Sargh, makamanda wake walimpokea kwa habari nzito: tauni imeingia huko. Akawashauri Muhajirina, akawashauri Ansari, wakatofautiana. Wazee wa Kikureshi walikuwa na kauli moja: arudi. Abu Ubaida, mtu ambaye Umar alimpenda sana, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akajibu kuwa anaitoka kadari ya Mungu kuiendea kadari Yake nyingine. Ndipo Abdurrahman bin Auf akawapa hadithi ya Mtume: ardhi yenye tauni haiingiwi, na aliyemo hatoki kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Mungu, akageuza msafara.

Basi leo anayedai kwamba kujikinga na kipindupindu ni upungufu wa imani anabishana na uamuzi huo.

Katika kipindi hichohicho cha Umar, Madina ilikumbwa na njaa kali. Umar akaagiza chakula kutoka majimboni, akaongoza sala ya kuomba mvua, akasitisha adhabu ya kukata mkono wa mwizi, kwani mwenye njaa ana udhuru. Yeye mwenyewe aliacha nyama na samli, akala mafuta ya zeituni hadi rangi ya ngozi yake ikabadilika. Hakuwahubiria watu subira ilhali yeye ameshiba.

Maimamu wetu, tafadhalini, yasemeni haya mimbarini Ijumaa. Wahimizeni waumini waombe dua, na maji ya kunywa wayachemshe.