Kutoka Makerere hadi Barabara ya Nungwi: Uongozi wa Ubunifu katika Magari Endelevu

Ubunifu wa magari endelevu, yaani magari yanayoundwa na kuendeshwa bila kuwarithisha wajao moshi na taka, huzungumzwa kana kwamba ni kazi ya Ujerumani na Japani peke yake, ilhali Afrika Mashariki inao mfano wake, tena ulioanzia chuoni. Katika Chuo Kikuu cha Makerere, Profesa Sandy Stevens Tickodri-Togboa, mtaalamu wa uhandisi wa umeme, pamoja na Paul Isaac Musasizi, mhadhiri aliyekuja kuiongoza kampuni ya Kiira Motors, waliwaongoza wanafunzi na wahandisi hadi mwaka 2011 likatoka gari la umeme la viti viwili, Kiira EV. Mwaka 2014 likafuata gari chotara, lenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja, na mwaka 2016 basi la Kayoola la viti 35, lenye paneli za jua juu ya paa na uwezo wa kwenda takriban kilomita 80 kabla ya betri kuisha chaji. Uamuzi wa kuligeukia basi ndio unaostahili sifa kubwa kuliko magari yenyewe, kwani wakazi wengi wa miji ya kanda hii hawana gari na hawatarajii kuwa nalo.

Kilomita 80 hizo zikipimwa kwa barabara ya Unguja, uzito wake huonekana mara moja. Daladala namba 116 hutoka mjini hadi Nungwi, mwendo wa karibu kilomita 60. Basi la aina ile lingefika, likashusha abiria, lisiweze kurudi mjini mpaka lichajiwe. Kwa hiyo mhandisi hana budi kuanza na kituo kabla ya basi: litachajiwa wapi, kwa saa ngapi na kwa umeme upi. Umeme wa Unguja huja kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni upande wa bara, na mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima, kisha tena kuanzia Desemba 2009 kwa takriban miezi mitatu. Waya wa pili wa megawati 100, uliokamilika mwaka 2013, ulipunguza hofu hiyo, na Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kuzalisha mwaka 2024, limeongeza umeme wa maji katika gridi ya bara iliyoegemea mno gesi. Hata hivyo, usafiri wa kisiwa kizima hauwezi kutundikwa kwenye bahari peke yake. Paneli na betri za akiba pale Nungwi zihesabiwe kuwa sehemu ya basi.

Nungwi yenyewe ina ujuzi unaohitajika. Fundi wa majahazi huchagua mti uliopinda kwa asili ili upate kuwa taruma, kisha hukalafati kwa kushindilia pamba yenye mafuta katikati ya mbao, na ubao ukioza huung'oa ule mmoja tu, chombo kikarudi majini. Kinyume chake, baadhi ya betri za magari ya umeme hufungwa kwa gundi hata seli moja ikifa ni vigumu kuibadilisha peke yake; betri ya Unguja inapaswa kuundwa ifunguke mikononi mwa mafundi waliofunzwa katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume, Mbweni, na ikishachoka kubeba abiria iwekwe kituoni kuhifadhi umeme wa jua kwa miaka mingine kabla ya kupelekwa kuyeyushwa.