Amri ya Tano: Kikombe cha Mama Mwenye Mimba



Wakristu wapenzi, leo tungali katika Amri ya tano. Juma lililopita tulisema juu ya ugomvi na chuki. Leo nasema juu ya dhara linalotendwa bila chuki yoyote, tena na watu wampendao mtoto: kumnywesha pombe mama mwenye mimba.

Mwamkumbuka mama yake Samsoni. Kitabu cha Waamuzi, sura ya 13, chasimulia kwamba malaika alimtokea akiwa tasa, akamwambia atazaa mwana, naye ajihadhari na divai na kila kileo. Angalieni: mimba haijatungwa bado, na amri imekwisha kutolewa, tena kwa mama. Ni kweli, Samsoni alitengwa awe mnadhiri wa Mungu. Lakini madaktari wameona kwamba mwili nao una sababu zake.

Pombe anywayo mama huingia katika damu yake, hupita katika kondo la nyuma, humfikia mtoto. Ini la mama limekomaa. La mtoto halijakomaa. Mwaka 1968 daktari Paul Lemoine wa Nantes, katika Ufaransa, aliandika habari za watoto 127 wa wazazi walevi. Wengi walikuwa wadogo kuliko rika lao, wenye sura za kufanana na akili nzito. Dhara hilo la ubongo haliponi. Wala hakijulikani kipimo cha pombe kilicho salama kwa mimba: lutuku, kasiksi, bia ya chupa, yote ni mamoja. Tumbako nayo humfanya mtoto azaliwe mwepesi.

Sasa niungame kosa langu. Katika darasa langu la Komunyo ya kwanza palikuwa na mvulana. Leo aliijua sala ya Baba Yetu, kesho ameisahau. Nilimpigisha magoti mbele ya wenzake, nikamwita mvivu. Kijijini walimwita jina baya zaidi: mchawi. Mama yake alikuwa akipika lutuku apate karo ya wakubwa wake, na mpikaji hana budi kuionja. Sista mkunga wa dispensari aliniuliza habari za mimba ile. Akasema, «Hatuna hakika, lakini yafanana. Mtoto hana uvivu wala uchawi.» Nilikwenda kwao, nikaomba radhi.

Nanyi akina baba, msidhani somo hili ni la wanawake. Nani aliyeileta chupa nyumbani? Mume awekaye kikombe chake kando miezi tisa amsaidia mkewe kuliko yule amhubiriye. Na mama aliyekwisha kunywa asikate tamaa. Kuacha leo kwamfaa mtoto. Ila aliyezoea kunywa sana kila siku asiache kwa ghafla peke yake, maana aweza kupatwa na kifafa. Aende kwanza dispensari.

Yule mvulana je? Padri alinieleza kwamba mtoto wa namna ile hadaiwi katekismu nzima. Yatosha atambue kwamba Mwili wa Bwana si chakula cha kawaida. Nikamwuliza mbele ya tabernakulo nani yumo ndani. Alikaa kimya muda mrefu, hata nikadhani amesahau tena. Kisha akasema, «Yezu.»

Pasaka iliyofuata alikomunika pamoja na wenzake.