Chai Baridi ya Choya na Nanasi

Leo hatuzungumzii mbolea wala dawa ya viwavi. Tunazungumzia kinywaji cha baridi, chai ya choya na nanasi. Na akina baba msiondoke kwenye redio mkidhani haya ni mambo ya jikoni tu, maana mtakaporudi shambani na kiu mtakuwa wa kwanza kuuliza kiko wapi.

Choya, ambayo wengine huiita rozela, wakulima wengi wa Dodoma wanaijua vizuri. Sudan na Misri huiita karkade, na huko hunywewa sana, ya moto na ya baridi. Kwetu mambo huwa hivi: choya nzuri inatiwa gunia kwenda kwa mnunuzi, na yale masalia meusi yanabaki nyumbani kwa watoto. Halafu fedha ileile ya choya inarudi dukani kununua soda. Sasa hiyo ni hesabu gani, ndugu yangu? Weka kwanza kilo moja safi ya nyumbani, ndipo uuze.

Tunachotumia si ua lenyewe. Ua la choya huchanua siku moja tu, likanyauka. Tunataka vile vikombe vyekundu, vinene, vinavyobaki vimelizunguka tunda la mbegu. Vichume vikiwa bado laini, kabla tunda halijakauka na kupasuka. Toa tunda, osha vikombe, uanike juu ya kichanja penye kivuli na upepo. Ukianika chini utakusanya mchanga na kinyesi cha kuku. Kilo 10 mbichi hutoa karibu kilo 1 kavu, kwa hiyo usishtuke ukiona debe zima limekuwa kisahani. Choya iliyokauka sawasawa huvunjika mkononi. Ikijikunja kama ngozi, bado. Ukiifunga hivyo itaota ukungu, na hiyo itupe. Usiseme utaichemsha, kwa sababu sumu ya ukungu haiishi kwa moto wa jikoni.

Haya, tupike. Chukua nanasi moja lililoiva, ulisugue vizuri kwa maji safi, ulimenye. Maganda usiyatupe! Yatie sufuriani pamoja na ule moyo mgumu wa katikati, kipande cha tangawizi kilichopondwa na majani machache ya mchaichai. Tia maji lita 2, uchemshe dakika 15. Epua, tia choya kavu kikombe kimoja, funika mpaka maji yawe mekundu sana, kama dakika 10. Chuja kwa kitambaa safi. Sukari tia ingali moto, nusu kikombe inatosha. Wengine hutia mpaka kijiko kisimame, nao wanaharibu kinywaji. Vipande vya nanasi katakata vidogo kwa kisu safi, uvitie wakati wa kunywa.

Choya ina ukali, yaani asidi, nayo hula sufuria za alumini. Kama una sufuria ya enameli au ya chuma kisichoshika kutu, tumia hiyo. Kama huna, chemsha maganda katika sufuria yako ya kawaida, halafu ulowekee choya katika jagi la enameli au bakuli la udongo.

Sasa ubaridi. Asiye na jokofu asikate tamaa. Tia chai katika chupa safi, ifunge, uizungushie kitambaa cha pamba kilicholowa, uisimamishe katika beseni lenye maji kidogo, kivulini penye upepo. Maji ya kitambaa yakikauka huondoka na joto la chupa. Dodoma na Singida, ambako hewa ni kavu, utafurahi mwenyewe. Pwani hewa ina unyevu, kwa hiyo haitapoa sana.

Kuhusu barafu niwaambieni wazi: barafu haiui vijidudu vya kipindupindu wala vya kuhara. Maji yakigandishwa bila kuchemshwa, ukayatia katika chai uliyoihangaikia, umeirudishia uchafu. Barafu iwe ya maji yaliyochemshwa. Bila jokofu, chai hii inywewe siku hiyohiyo. Ikianza kutoa povu, usiwape watoto. (Wako wanaoingoja kwa hamu iwe mvinyo, lakini hicho ni kipindi kingine.)

Choya huweza kushusha presha ya damu. Anayetumia dawa za presha, na mama mjamzito, waulize kwanza zahanati. Na mtu asichume maua ya kupambia ua wa nyumba akadhani yote hunyweka kama choya; mengine ni sumu kali.

Mbegu za choya hupandwa mvua zinapoanza. Wiki ijayo tutaeleza nafasi za kupandia. Kwaherini.