Jirani Hapigiwi Kura

 

Waarabu husema: jirani kwanza, nyumba baadaye. Maana yake ni kwamba mwenye kutafuta nyumba huulizia kwanza watu atakaokaa nao. Katika hilo hapana aibu, kwa kuwa achaguaye ni mgeni anayehamia, na asiporidhika hujiendea zake pasipo kumvunjia mtu heshima. Jambo lililofanywa Marekani mwaka 2005 lilikuwa kinyume cha hayo: wenyeji walikalishwa kuwa mahakimu, na wageni wakapangwa mbele yao wahukumiwe.

Khabari yenyewe ni hii. Kampuni ya televisheni ya ABC ilitengeneza mashindano yaliyoitwa Welcome to the Neighborhood, ndiyo kusema Karibuni Mtaani. Katika mtaa mmoja wa mji wa Austin, jimbo la Texas, ilitolewa nyumba kubwa iwe zawadi, nyumba ya kweli wala si ya maonyesho. Familia saba ziliigombea. Miongoni mwao walikuwamo watu weusi, watu wenye asili ya Asia, wasemao Kihispania, na wengine ambao dini yao au maisha yao hayakufanana na ya wenyeji. Waamuzi walikuwa familia tatu za Wazungu wa mtaa ule ule. Familia ziliondolewa moja baada ya moja, hata ikabaki moja, nayo ikapewa nyumba.

Watazamaji hawakuona hata siku moja ya mashindano hayo. Maonyesho yalikuwa yaanze tarehe 10 Julai 2005, yakafutwa siku chache kabla. Watetezi wa haki za makazi walilalamika, na hoja yao ilikuwa na nguvu, kwani sheria ya Marekani ya mwaka 1968, iliyotiwa sahihi wiki moja tu baada ya kuuawa Martin Luther King, yakataza mtu kunyimwa nyumba kwa ajili ya rangi yake, dini yake au taifa alilotoka. Upande wa pili, Wakristo wenye kushika sana dini walichelea kwamba waumini wataonyeshwa kuwa watu wa chuki. Si mara nyingi makundi hayo mawili yanaogopa kitu kimoja.

Wenye mashindano walijitetea kwamba mwishowe mioyo ya waamuzi ililainika. Huenda ikawa kweli. Lakini hesabu ni nyepesi: ili nyoyo zilainike kwa familia ya saba, familia sita zimekwisha kuambiwa kwamba hazitakiwi mtaani. Mtoto wa familia hizo hatajua khabari za mioyo iliyolainika. Atajua kwamba watu waliwatazama baba na mama yake, wakasema hapana. Nayo dini yafundisha kwamba Jibrili alizidi kumuusia Mtume (s.a.w.) juu ya jirani, hata Mtume akadhani kwamba jirani atapewa fungu katika urithi.

Hapo yapasa kupambanua, maana wako wasemao kwamba kila shindano ni ubaya. Sivyo. Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi: waliozoezwa walikimbia toka Hafya mpaka Thaniyatul Wadaa, na wasiozoezwa wakapewa masafa mafupi, toka hapo Thaniya mpaka msikiti wa Bani Zuraiq. Tazama uadilifu ulivyo: kila farasi na kipimo chake, na aliyeshindwa akarudi zizini mwake. Kadhalika katika mashindano ya Qurani msomaji hupimwa kwa hifdhi na tajwidi yake, wala haulizwi kabila.

Pengine mwanachuoni atataja shufaa. Mahanafi humpa jirani wa ukuta haki ya kununua kabla ya mgeni. Mashafii, ambao ndio wengi katika pwani ya Afrika ya Mashariki, humpa haki hiyo mshirika peke yake, katika mali isiyogawanywa. Lakini katika madhehebu zote mbili mwenye shufaa hulipa thamani kamili, na mnunuzi hurudishiwa fedha yake yote. Hapana pahala jirani alipopewa kiti akae awapime watu sura zao.

Wala asidhani mtu kwamba Austin ni mbali. Mwaka 2003 vijana kumi na wawili kutoka nchi kumi na mbili za Afrika, zikiwamo Kenya, Uganda na Tanzania, walifungiwa katika nyumba moja huko Afrika ya Kusini, na kamera zikiwafuata usiku na mchana, ilhali Mwenyezi Mungu amekataza kupelelezana. Mwaka 2004 mchezo wa namna hiyo hiyo ulipelekwa Bahrain. Watu wakaandamana, nao ukasimamishwa upesi. Na katika mashindano ya Survivor ya mwaka 2013, watu waliingia wawili wawili na jamaa zao, kugombea dola milioni moja. Humo binti mmoja alipiga kura ya kumtoa mama yake mzazi, na mama akatoka.

Vijana wa siku hizi huyatazama hayo katika simu zao, hata vyumbani mwa kulala. Kuwapokonya simu ni kazi bure. Lakini mzee anaweza kukaa nao usiku mmoja, kikombe cha kahawa mkononi, akauliza kwa upole: huyu aliyetolewa leo, ametolewa kwa kosa gani?